Maza Mpya

Neno lililomponza Mama Vifungo halikuwa tusi. Lilikuwa neno la kawaida ambalo vijana hulitamka mchana kutwa wakicheka, na mwanawe alilitamka siku hiyo bila chembe ya ubaya moyoni. Hilo lijulikane mapema, asije mtu akamhukumu kijana kabla hajasikia yote. Na mama naye asihukumiwe haraka. Walipendana wale, na ndiyo maana mambo yakawa makubwa.

Mama Vifungo alikuwa mshonaji wa nguo. Watu wa mtaa walimpa jina hilo kwa sababu kwake hakuna kifungo kilichokosekana. Ukimpelekea shati lililopoteza kifungo kimoja, alitia mkono kwenye kopo, akapapasa, akatoa pacha wake. Tangu mumewe afariki, miaka minne sasa, alikuwa akiishi kwa mwanawe wa pekee katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala, sebule na kibaraza. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa kibarazani, chini ya dirisha la chumba cha kijana.

Kijana mwenyewe alikuwa fundi wa kompyuta, na rafiki zake walimwita Kasi. Mchana alitengeneza kompyuta za watu dukani kwa bosi wake. Akirudi nyumbani alihangaika na ya kwake, ambayo haikuwa na mfuniko ubavuni. Matumbo yote yalikuwa nje, feni zinavuma, na nyaya amezifunga kwa vipande vya uzi alivyovidokoa kwenye cherehani ya mama yake.

"Sasa hii inaumwa nini, kila siku unaipasua?" mama alimwuliza.

"Haiumwi, Mama. Kiwandani wameipangia mwendo wake. Mimi nauzidisha."

"Kwani inachelewa wapi?"

"Haichelewi popote."

"Basi unaikimbiza ya nini?"

"Nataka kuona mwisho wake."

"Mwisho wa kitu si kuharibika, mwanangu?"

Kasi alicheka hadi akakaa chini. Kesho yake aliliandika hilo swali kwenye kundi lao la simu, kundi la vijana wanaoshindana nani kaifikisha mashine yake mbali zaidi bila kuzima, na wote wakacheka naye.

Mazungumzo kama hayo waliyafanya saa moja jioni, saa ya dawa. Mama Vifungo alikuwa na presha ya macho. Ni ugonjwa mnafiki. Hauumi, hauwashi, unakula uwezo wa kuona pembeni polepole, na mwenyewe huna habari. Daktari alimweleza tangu siku ya kwanza, kijana akiwa amekaa pale pale: "Mama, kilichokwisha kupotea hakirudi, hata ungekwenda wapi. Dawa hii kazi yake ni kukilinda kilichobaki. Usiruke hata siku moja." Kwa hiyo kila jioni mama alikaa kwenye kiti cha chumbani, akainua uso, na Kasi akamtia tone moja kila jicho, maana mama akijitia mwenyewe tone lilikosea jicho, likaishia shavuni.

"Angalia juu."

"Naangalia."

"Unaangalia au umefumba?"

"Wewe tia, acha maneno."

Chupa ikikaribia kwisha, Kasi alileta nyingine. Mama hakuwahi kumkumbusha.

Sasa lile kundi la simu lilikuwa na lugha yake. Vyombo vya kompyuta waliviita kama watu. Prosesa, ile chipu inayopiga hesabu zote, ilikuwa Bosi. Feni kubwa ilikuwa Babu kwa sababu ya kukoroma. Na ule ubao mpana ambao kila kitu huchomekwa juu yake, ambao mafundi wanauita mazabodi, wao waliukata mkia wakauita Maza. Maza huyu, maza yule. Mama Vifungo hakuwa kwenye kundi hilo. Kwake yeye maza ni mama mzazi tu, kama vijana wanavyosema wakitaka kuonekana wakubwa.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi. Mama alikuwa kibarazani anakunja pindo la pazia la mteja. Dirisha lilikuwa wazi, na Kasi alikuwa anaongea na simu na rafiki yake, yule wanayemwita Volti.

"Nakwambia amechoka huyu maza, kaka. Miaka minne nahangaika naye."

Mguu wa mama ukasimama juu ya kikanyagio.

"Si kwamba simpendi. Kanifikisha mbali, nakubali. Ila sasa ananirudisha nyuma. Ukimwongezea mzigo kidogo tu joto linampanda, mara kazima. Juzi kazima mbele yangu, kazi iko katikati."

Juzi hiyo hiyo Mama Vifungo alikuwa amesinzia juu ya cherehani, na Kasi ndiye aliyemwamsha.

"Halafu kitu kipya hapokei. Umletee kipya, hakitaki kabisa."

Hilo nalo alilijua. Mwaka uliopita Kasi alimletea cherehani ya umeme, akaikataa, akasema miguu yake imeshazoea.

"Nimeamua bwana. Nikimpata maza mpya, huyu namtoa. Atakayemtaka aje amchukue bure. Ila kwa sasa subiri kidogo, kuna kitu cha lazima kila mwezi, siwezi kukiacha."

Kitu cha lazima kila mwezi kilikuwa chupa ya dawa ya macho. Mama alikijua kama anavyoujua mkono wake. Na huyo maza mpya pia alimjua, au alidhani anamjua. Kasi alikuwa amemtajia msichana mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, na msichana huyo alikuwa na mama yake mzima, mwenye nguvu zake na nyumba yake kubwa. Mama Vifungo akaunganisha vipande mwenyewe, kama alivyozoea kuunganisha vitambaa, na vikakubali kuungana vizuri sana.

Hakulia. Alikanyaga cherehani akaendelea kushona, na alipofika mwisho akaona amelishona pazia lote juu na chini, hata fimbo ya kulitundikia haina pa kupita.

Angeweza kuinuka, akasogea dirishani na kusema: "Unamsema nani wewe?" Maneno matatu. Kijana angecheka, angemwonyesha ule ubao, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Mzazi mwenzangu, yashike hayo maneno matatu, uyaweke karibu. Yeye aliyameza, akachukua wembe akaanza kufumua pazia.

Tangu siku hiyo akaamua kuwa mwepesi. Alikula kidogo, akasema ameshiba. Alichota maji mwenyewe. Na ilipofika siku ya kwenda kliniki ya macho, alimwambia Kasi aende tu kazini, njia anaijua.

Alifika hadi nje ya kliniki. Ng'ambo ya barabara palikuwa na benchi la saruji, akakaa hapo. Aliwatazama waliokuwa wakitoka, wengine wamezibwa jicho kwa pamba, wengine wanashikwa mkono na watoto wao. Akakaa hadi jua likamfikia miguuni. Kisha akainuka, akarudi nyumbani.

"Daktari anasemaje?" Kasi aliuliza jioni, chupa ya dawa tayari iko mkononi.

"Anasema nimepona. Presha imeshuka, nipumzishe dawa."

"Kweli, Mama? Kaandika?"

"Kasema kwa mdomo. Kwani daktari naye ataniandikia barua?"

Kasi alimkumbatia hadi miguu yake ikaacha sakafu. Mama akacheka, maana ilibidi acheke. Kisha kijana akaiweka ile chupa kabatini ikiwa na dawa ndani, na saa moja jioni ikawa saa kama saa nyingine. Akitoka kazini alipitiliza kwenye mashine yake. Mama alibaki kibarazani anasikiliza feni zikivuma na vidole vikigonga vitufe, akajiambia, haya, mzigo umepungua.

Miezi mitano ikapita hivyo. Katika muda huo bega lake la kulia lilianza kugombana na miimo ya milango. Mwanzoni aliona ni haraka zake. Halafu wateja wakaanza kurudi. Mmoja alileta shati, kola upande mmoja imekaa, upande mwingine imepanda shingoni. Mwingine alisema kwa adabu, "Mama Vifungo, hii mifuko hailingani, au ndiyo mtindo?" Akawashonea upya, akasingizia uchovu. Kuunga uzi kwenye sindano kukawa kazi ya robo saa.

"Mama, unajigonga sana siku hizi," Kasi alimwambia.

"Milango yenu myembamba. Ilijengwa na watu wenye njaa."

Kijana akacheka, akarudi chumbani. Kicheko kile mama alikuwa amekitafuta mwenyewe, na kilipokuja kikamwuma.

Ikafika Jumamosi nyingine. Mama alikuwa jikoni anachemsha chai, akasikia mlangoni sauti ya Volti inapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu: "Maza mpya kaja! Maza kaja jamani, yuko wapi wa kumpokea?"

Mama Vifungo akazima jiko. Kwa hiyo siku imefika, akajisemea. Akanawa mikono, akavua nguo ya jikoni, akavaa gauni lake la bluu alilolishona kwa ajili ya mazishi ya mumewe, akafunga kitambaa safi kichwani. Asingemwaibisha mwanawe mbele ya mkwe. Akatoka hadi sebuleni ametabasamu, mikono mbele.

"Karibu, dada yangu. Karibu sana, hapa ni kwako."

Ndani walikuwa watu watatu: Kasi, Volti, na yule bosi wa dukani, fundi mtu mzima wanayemwita Mzee Risasi kwa sababu kutwa nzima anayeyusha risasi kuchomelea nyaya. Hapakuwa na mwanamke.

"Shikamoo, Mama," Volti alisema.

"Marahaba. Yuko wapi mgeni?"

"Mgeni yupi, Mama?" Kasi aliuliza.

"Si huyo maza. Nimesikia kaja maza mpya."

Volti alishika tumbo. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akainua boksi jembamba lililokuwa mezani. "Ndiye huyu, Mama! Mpe mkono!"

Akalifungua. Ndani, kwenye mfuko wa plastiki wa kijivu, mlikuwa na ubao mweusi wenye mistari myembamba na matundu mengi.

"Mazabodi, Mama," Kasi alisema, naye anacheka. "Sisi tunamwita maza tu. Yule wa zamani kachoka, nilishamsema siku nyingi. Miaka minne tangu nimnunue, ukimwongezea umeme kidogo anapata joto na kuzima. Na prosesa mpya haipokei."

Mama Vifungo akatafuta kiti. Akakaa polepole, kama mtu anayekaa kwenye maji asiyojua kina chake. Hakuna aliyemwangalia, walikuwa wameinamia boksi.

Mzee Risasi alikuwa ameugeuza ubao, anautazama kwa miwani yake ya puani. "Haya, nielezeni mimi mshamba. Huu una nini ambacho ule hauna?"

"Chipu mpya ya bodi, Mzee!" alisema Volti. "Kundi zima linausubiri."

"Chipu mpya ya bodi. Na inayokimbia ni bodi au ni prosesa?"

"Prosesa."

"Basi bodi ni barabara tu. Ule wa zamani ulikuwa unakuruhusu kuzidisha mwendo?"

"Ulikuwa unaruhusu," Kasi alisema, "ila unazima."

"Unazima kwa joto, mwanangu, si kwa uzee. Vile vipande vya kugawa umeme vinaungua kwa sababu hakuna upepo unaovifikia. Ungeniletea nikakufungia feni ndogo pale juu, ungeenda. Huu mpya utakuongezea matundu ya kuchomekea vitu, na hiyo prosesa mpya ambayo hata huna bado. Mwendo utapanda, sikatai. Utapanda kiasi ambacho wewe mwenyewe hutakiona. Utausoma kwenye namba tu."

"Mzee, wewe kila kipya hukitaki," alisema Volti. "Hata simu yako ina vitufe."

"Na inaita. Ya kwako ina chaji?"

Wakacheka tena. Uso wa Kasi ulishuka kidogo. Alianza kuufunga ubao kwenye kasha la kompyuta yake, aliyokuwa ameileta mezani, na ili mambo yaendelee akasema bila kugeuka, "Mama, hebu nishikie hii skrubu." Akanyoosha mkono upande wa kulia wa mama yake.

Mama hakunyoosha wa kwake.

"Mama. Skrubu."

Akageuza kichwa, akaleta kiganja, akakifunga kabla hakijafika. Skrubu ikaanguka, ikagonga ubao mpya na kupotea ndani.

"Aa, Mama naye!" Kasi alisema akicheka, kisha kicheko kikakatika. Alitia matone kwenye macho yale miaka minne. Aliyajua. Alipiga magoti mbele ya kiti, akainua vidole viwili upande wa kulia, akavichezesha. Jicho la mama lilitazama mbele, limetulia, kama dirisha la nyumba ambayo watu wake wamehama.

"Naweka vidole vingapi?"

"Umeviweka wapi?" mama aliuliza.

Volti na Mzee Risasi walitoka bila kuaga.

Jumatatu walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akaandika, akafungua faili nyuma, akaandika tena. "Jicho la kulia limekwenda, mama," alisema. "La kushoto linaona katikati tu, pembeni kumeliwa. Hilo tutalilinda. Nani alikwambia uache dawa?"

"Hakuna."

Kasi akageuka akamwangalia.

Walipotoka kusubiri dawa, kwenye kiti kirefu cha ukumbini, kijana aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini, Mama?" Na mama akamwambia. Alimwambia dirisha, simu, amechoka, anazima, hapokei kitu kipya, namtoa aje amchukue bure. Maneno yote aliyakumbuka kama yalivyo, maana kwa miezi mitano alikuwa akiyarudia kila siku.

"Ukafikiri nakusema wewe."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Mimi? Nikutoe wewe?" Sauti ilimpanda, watu wakageuka. "Kwa nini hukuniuliza? Kwa nini hukuniuliza tu, Mama?"

"Na wewe, kwa nini hukumwuliza daktari?"

 Namba ya daktari Kasi alikuwa nayo kwenye simu tangu mwaka wa kwanza. Alikaa akisugua viganja vyake kwenye magoti, kisha akasema polepole, "Nilifurahi. Uliposema umepona nilifurahi kwa ajili yako, naapa. Halafu dakika hiyo hiyo nikafikiria bodi. Nikaona pesa ya dawa sasa itainunua. Sikutaka kuuliza."

 Kulikuwa na mtoto mchanga analia mahali fulani upande wa kulia, mama akageuza kichwa chote kumtafuta, na hakumwona.

Simu ya Kasi ikaita. Alikuwa Volti, sauti yake inasikika hadi nje ya simu. "Vipi Mama? Pole sana, kaka. Niambie... halafu samahani, kundi linauliza, wengine wako dukani sasa hivi. Uliiwasha ile jana? Inastahili au haistahili?"

"Niliiwasha."

"Inapanda?"

"Inapanda."

"Kwa hiyo wanunue?"

"Waambie wasinunue," Kasi alisema, akakata.

Walipewa chupa moja ya dawa, wakatoka. Nje barabara ilikuwa imejaa pikipiki na mikokoteni. Kasi alikimbilia upande wa kulia wa mama yake, upande uliozimika, akamshika mkono ili amkinge na magari. Wakatembea hatua kama kumi. Mama akasimama.

"Uko wapi?"

"Niko hapa, Mama. Nimekushika."

"Najua umenishika. Njoo huku kushoto nikuone."

"Huku ndiko magari yanakopita, Mama. Huyaoni."

"Siyaoni," alisema. "Na wewe huko sikuoni."

Kijana alisimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku wakinung'unika, hajui akae upande gani.